Habari za Bwana Bisibisi na Vita vya Gololi Nyekundu

Sogeeni, enyi jamaa na majirani, nawe uliyewahi kuchomeka waya ukutani ukangoja taa iwake isiwake. Sogeeni, mkalishe watoto, mzime redio, na sufuria ikiungua na iungue, kwani ninayotaka kuyasimulia si ya kusikilizwa kwa sikio moja. Wengine huwaimba wafalme waliovuka milima na majeshi yao. Mimi nitamwimba shemeji yangu, mume wa dada yangu, karani wa bima, aliyeingia vitani Jumamosi baada ya chai, akapigana na kidude cha ukubwa wa kisosi hata jua likapita juu ya paa, wala hakukimbia. Nilikuwapo. Nilikaa kwenye kochi nikichambua maharage, na yote nitakayoyatamka niliyaona kwa macho yangu mawili, isipokuwa yale machache yaliyotokea nilipokwenda kumwaga makapi.

Shujaa wetu watu walimwita Bwana Bisibisi. Jina hilo hakupewa kwa husuda ya maadui, bali kwa ushahidi. Maana hakutoka nyumbani hata siku moja bila bisibisi mfukoni, na hakuna kitu alichokifungua kwa bisibisi hiyo kikafungika tena kama awali. Ndiye aliyeitengeneza pasi ya mama ikawa inapoa inapowashwa. Ndiye aliyelikabili bomba la bafuni, bomba likamshinda, na jirani wa ghorofa ya chini akatupandia ngazi akiwa ameshika mwavuli. Lakini moyo wake, enyi wasikilizaji, ulikuwa moyo wa simba. Mikono tu ndiyo iliyokuwa ya mtu mwingine.

Na aliyepiganiwa alikuwa baba yetu, Mzee Mpimaji, aliyeitumikia ofisi ya ardhi tangu ndevu zikiwa nyeusi mpaka zikawa hazipo, mtu ambaye akiutazama ukuta wako kwa jicho moja alikwambia umeinama upande gani na fundi wako alikuwa amelewa nini. Alipostaafu hakustaafu. Alijiunga na wale watu wa dunia nzima wanaochora, bila kuajiriwa na yeyote, ramani moja kubwa ya mtandaoni ambayo kila mtu huingia akachora mtaa wake. Baba akatembea, akapima kwa hatua, akarudi akachora. Vichochoro ambavyo hata wapangaji wake hawakujua vinakotokea, yeye aliviweka kwenye ramani hiyo kimoja kimoja, pamoja na visima na ngazi zilizovunjika.

Mashine yake ya kuchorea ilikuwa kompyuta nzee yenye kelele za kinu, nayo iliendeshwa kwa mfumo huria, yaani ule mfumo usiokuwa na bwana, uliotungwa na maelfu ya watu wasiojuana, ambao hupewi risiti ukiuchukua na hupewi pole ukikushinda. Baba aliuweka mwenyewe, miaka mingi iliyopita, kwa sababu alisema hawezi kumiliki mashine inayomwomba ruhusa mtu mwingine kabla ya kuwaka. Sisi wengine tuliogopa hata kuifuta vumbi.

Kisha kiharusi kikaja bila hodi. Kikamwachia akili yake yote, kikautia ulimi wake uzito kidogo, kikauchukua mkono wa kulia na nguvu za miguu. Akajaribu kipanya kwa mkono wa kushoto. Mkono ukatetemeka, mshale ukaruka kiooni kama panzi kwenye bati la moto. Alijaribu wiki nzima. Siku moja akakifungia kile kipanya ndani ya mtoto wa meza, akasema, "Nimeshamaliza," akageuza kiti kikaelekea dirishani. Tangu siku hiyo alijibu watu kwa kidevu: kidevu juu ni ndiyo, kidevu pembeni ni hapana.

"Anakula, analala, anaoga," mama aliniambia jikoni, akikata vitunguu ili apate sababu ya kufuta macho. "Lakini hayupo, mwanangu. Naishi na koti lililotundikwa."

Hapo ndipo dada alipoongea na mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliyekuwa akimhudumia baba, naye akamweleza kuwa kuna kipanya kisichotembea. Hukaa mahali pamoja kama kuku anayeatamia, na mgongoni kina gololi kubwa. Mkono unapumzika mezani, vidole peke yake ndivyo vinavyoizungusha ile gololi, na mshale unakwenda. Dada akaagiza. Kikafika Jumamosi, ndani ya boksi: kitako cheusi, vitufe vinne pembeni, viwili vikubwa chini na viwili vidogo juu, na katikati gololi nyekundu kama limau lililokasirika.

Bwana Bisibisi akalipokea boksi mlangoni kwa mikono miwili. Akaingia sebuleni. Akasimama mbele ya baba, ambaye hakugeuka, akajisafisha koo, akanena:

"Baba. Mimi sikuzaliwa katika nyumba hii. Nilikuja mgeni mkanipokea, nikaomba mke mkanipa, nikaomba kiti mkanisogezea. Leo naomba kitu cha tatu: naomba mnipe vita hii. Kidude hiki nitakifunga kwenye mashine yako mimi mwenyewe, na jua halitazama kabla mkono wako wa kushoto haujatembea tena katika mitaa ya ulimwengu!"

Baba akapeleka kidevu pembeni.

"Jua litazama kama kawaida yake," akasema dada, "na wewe hiyo bisibisi iweke hapa mezani kwanza."

"Mke wangu, waninyang'anya silaha mbele ya adui?"

"Nakunyang'anya. Hicho kitu kinachomekwa tu, hakifunguliwi. Na ukigusa kitu kingine chochote kwenye hiyo mashine ya baba, leo utalala kwa huyo jirani mwenye mwavuli."

Akaitoa. Akaiweka mezani taratibu kama jemadari akabidhiye upanga wa ukoo, akavuta stuli, akaketi mbele ya kompyuta. Nami nikavuta ungo karibu, kwani kila vita inahitaji shahidi, na shahidi mwema ni yule aliyeketi vizuri.

Basi akauchomeka waya. Kinu kikavuma, kioo kikatafakari, shujaa akaweka kiganja juu ya gololi na kuizungusha, na lahaula! mshale ukatembea. Ukatembea kushoto, ukatembea kulia, ukapanda, ukashuka, kwa adabu, kama bibi harusi.

"Imekubali!" akapiga kelele, na mama akatoka jikoni na mwiko. "Tazameni! Walisema mfumo huu ni mgumu. Walisema ni wa wateule. Nami nimefika, nimechomeka, nimeshinda! Semeni huko mitaani kwamba..."

"Hebu fungua ramani," nikamwambia, maana maharage yangu yalikuwa hayajafika hata nusu, na ushindi wa mapema nimeuona ukiozea mikononi mwa wengi.

Akafungua ramani. Na hapo, enyi wasikilizaji, adui akavua kilemba tukamwona uso. Kidude kile kilitengenezwa kwa ajili ya watu wa mkono wa kulia: dole gumba la kushoto lilipobonyeza pale lilipoangukia, badala ya kuchagua kitu, ilifunguka orodha ya mambo yasiyoombwa. Hilo lilikuwa dogo. Kwenye dirisha la mipangilio palikuwa na mahali pa kuchagua mkono wa kushoto, shujaa akachagua, vitufe vikubwa vikabadilishana kazi. Kubwa lilikuwa jingine. Kipanya cha kawaida kina kigurudumu cha kuikuza ramani na kuipunguza. Hiki hakikuwa nacho. Palikuwa na ile gololi tu, na vitufe viwili vidogo vya juu ambavyo ukivibonyeza ni kama umembonyeza maiti. Nayo ramani isiyokuzwa haichoreki; utaona bara, hutaona mlango wa nyumba yako.

Akakimbilia kijitabu kilichokuja ndani ya boksi. Kijitabu kilieleza kwa picha namna ya kuviamsha vitufe hivyo katika mifumo miwili mikubwa ya biashara, kisha kikafika kwenye mfumo wa baba, kikanyamaza kama shahidi aliyehongwa.

"Nitawauliza wenyewe," akasema Bwana Bisibisi, akaitoa simu yake. "Kuuliza si ujinga."

Kuuliza si ujinga, kweli, lakini hutegemea unamwuliza nani. Wafuasi wa mfumo ule wana baraza lao mtandaoni, nao ni watu wenye elimu nyingi na subira kidogo. Shujaa akaandika swali refu, akaanzia kwenye maradhi ya baba mkwe, akapitia kwenye mapenzi yake kwa mkewe, akaishia kwenye gololi. Jibu la kwanza likaja upesi kutoka kwa mtu aliyejiita Mwiba. Lilikuwa na maneno mawili: Soma mwongozo.

Nilimwona akiitazama bisibisi pale mezani. Lakini hakuinuka. Na kwa kuwa hakuinuka, likaja jibu la pili, kutoka kwa mtu mwingine aliyejiita Jongoo, ambaye aliandika hivi: "Pole kwa mzee. Inawezekana kabisa. Ukishikilia kitufe kidogo cha kushoto huku unazungusha gololi, gololi itafanya kazi ya kigurudumu. Tengeneza faili la mipangilio, andika mistari hii kama ilivyo, halafu zima na uwashe." Na chini yake mistari kadhaa ya maneno yasiyokuwa ya lugha ya mama wa mtu yeyote.

"Kama ilivyo," nikamkumbusha.

"Shemeji, mimi ni karani. Kunakili ndiyo kazi yangu."

Akafungua lile dirisha jeusi la amri, ambalo watu wa mfumo huo huongea nalo kwa maandishi kama watu wanaomnong'onezea mganga. Dirisha likadai nenosiri la mwenye mashine.

Hapo kukawa na kikwazo cha heshima. Utamwambiaje baba mkwe wako akutajie siri yake? Shujaa alikohoa. Akasogeza stuli. Akaanza, "Baba, samahani sana, kuna jambo hapa linahitaji, kwa ruhusa yako..." Kidevu kikaenda pembeni kabla hajamaliza.

Mama akaweka mwiko juu ya redio. Akafuta vidole kwenye kitenge, akamwambia mkwewe, "Angalia huko," naye akageuza uso ukutani kama mtoto mwenye adabu. Mama akainama, akaandika kwa kidole kimoja. Hakikutokea kitu, si herufi wala nukta. Akabonyeza kile kitufe kikubwa cha kukubali, pembeni mwa herufi. Dirisha likafunguka.

Sasa baba akageuka. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu kiti chake kililia, akamtazama mama kwa macho makubwa.

"Unashangaa nini?" mama akamwuliza. "Unaliandika huku unalitamka midomoni. Miaka yote hiyo nilale na wewe chumba kimoja, nisijue?" Akachukua mwiko wake akarudi jikoni, na nenosiri lile mpaka leo hatulijui, ila dada anaapa kwamba alimwona mama akitabasamu njia nzima.

Shujaa akanakili. Simu mkono wa kushoto, kidole kimoja cha kulia kwenye herufi, mdomo wazi, jasho kwenye pua. Akahifadhi. Akanyanyuka. Akatamka, "Na sasa, enyi wa nyumba hii, mtashuhudia," akaizima mashine na kuiwasha.

Kinu kikavuma. Alama ya mfumo ikapita. Kisha kioo kikawa cheusi tii, na juu kabisa, kwenye kona, kistari kimoja cheupe kikawa kinawaka na kuzimika, kinawaka na kuzimika, kama jicho la mtu anayekusubiri ujieleze.

Tulingoja. Nilichambua maharage niliyokwisha kuyachambua. Shujaa akaizungusha gololi, hakuna. Akabonyeza kila kitufe alichopewa na Mungu na kiwanda, hakuna. Akazima tena, akawasha tena, na giza lile lile likarudi na kistari chake.

Ndipo sauti ikatoka dirishani, nzito, ikiyatoa maneno moja moja kama mtu anayeshusha magunia.

"Wewe. Umefanya. Nini?"

Mkwe akaganda. Dada akaziba mdomo. Kutoka jikoni kitu kikaanguka chini kwa kishindo, na mama akatokea mlangoni, mikono imelowa, uso umemeremeta, akituuliza sote bila kumlenga yeyote: "Amesema? Ni yeye amesema?"

"Ameiua mashine yangu," akasema baba.

"Amesema!" akasema mama.

Enyi wasikilizaji, historia haikumtendea haki shujaa wetu saa ile, kwani hakuijua furaha ya mama. Alichokijua ni kwamba ameua, mbele ya baba mkwe, kwa mkono wake, bila hata bisibisi. Ndani ya mashine ile mlikuwa na vipimo vya mitaa ambavyo baba alivitembelea kwa miguu kabla ya kuugua na hakuwahi kuviweka kwenye ramani ya wote. Miguu ile haikuwapo tena. Vikipotea, vimepotea. Nilimwona shemeji akiketi sakafuni.

"Ngoja nimpigie fundi wa lile duka la kompyuta," akasema hatimaye kwa sauti ndogo, akapiga, akaweka spika ili asiwe peke yake.

Fundi alikuwa na haraka zake. "Huo mfumo wa nini, bwana? Ileteni. Tunafuta kila kitu, tunawawekea mfumo wa maana, jioni mnachukua."

"Na vitu vya mzee vilivyomo?"

"Vipi vitu? Si nimesema tunafuta?"

Shujaa akaitazama simu. Akamtazama baba. Na kabla hajafungua mdomo, baba alikuwa ameshika mkongojo kwa mkono wa kushoto, amesimama, anatikisika kama mwembe... hapana, tuseme kama nguzo ya simu iliyogongwa na lori, lakini amesimama.

"Kata," akasema.

"Baba?"

"Kata simu. Mjinga huyo."

Akakata. Baba akaja, hatua moja, pumzi, hatua nyingine, mpaka akasimama nyuma ya stuli. Dada alitaka kumshika, mama akamvuta nguo. Baba akakitazama kioo cheusi kwa lile jicho moja la kupimia kuta, akanusa, akasema, "Haijafa. Imekasirika. Kaa."

Bwana Bisibisi akakaa.

Hapo ndipo ilipoanza vita ile ya pili na iliyo kuu, ambayo mtu mmoja alipigana kwa ulimi na mwingine kwa vidole. Baba alitaja vitufe vitatu vya kubonyezwa kwa pamoja. Shujaa akavibonyeza akiwa amepinda kama mpiga kinanda. Giza likasogea na badala yake yakatokea maandishi meupe yakiuliza ni nani. Mama akaitwa, mkwe akageuza uso ukutani, mama akaandika yake. Baba akaanza kutoa amri, na kila neno lilimgharimu. Mengine yalikataa kutoka, akalazimika kuyachora hewani kwa kidole cha kushoto, na shujaa akiyasoma hewani na kuyaandika. Alipokosea, baba alimgonga begani kwa mpini wa mkongojo. Sikuona akigongwa kwa chuki. Niliona fundi mkuu na mwanafunzi wake. Mara mbili baba alisimama kupumua, akafumba macho, tukadhani amechoka, akafumbua na kuendelea palepale alipoachia.

"Sasa soma. Ulichoandika. Kwa sauti."

Mkwe akasoma. Mstari kwa mstari, kwa matamshi ambayo Jongoo angelia angeyasikia. Baba akasikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

"Juu kabisa. Ulifungua fungu."

"Ndiyo, baba. Nimelifungua."

"Umelifunga wapi?"

Shujaa akatazama kioo. Akatazama simu. Kwenye simu, chini ya mistari yote, palikuwa na neno moja la kufunga, peke yake, mwisho kabisa, pale ambapo kidole gumba cha mwenye simu hukaa. Masikio yake yakawa ya rangi ya gololi.

"Sikulifunga, baba."

"Umemfungulia mtu mlango," akasema baba, na sentensi hii, naapa, ilitoka nzima bila kukatika, "ukamwacha amesimama kizingitini, aingie asiingie hajui, asubuhi kutwa. Ungekuwa wewe usingekasirika?"

"Ningekasirika, baba."

"Funga."

Naye akafunga! Imbeni, enyi mnaojua kuimba, namna alivyokishusha kidole chake juu ya herufi ya kwanza, na ya pili, na ya tatu, akikagua kila moja kama askari wa mpakani, namna alivyohifadhi, namna alivyomwangalia baba, na kidevu kikapanda juu, namna alivyoizima mashine na kuiwasha, na sisi sote, hata mama aliyekuwa na chakula motoni, tukashika pumzi mpaka kinu kilipovuma, na alama ikapita, na giza likaja, likakaa, likakaa, kisha likapasuka, na pazia la rangi za kawaida likatanda kioo kizima, pamoja na picha ya baba na mama wakiwa vijana, wamesimama mbele ya kifaa cha kupimia ardhi kama mbele ya mtoto wao wa kwanza.

Shujaa akanyoosha kidole, akashikilia kitufe kidogo cha kushoto, akaizungusha gololi. Ukurasa ukapanda. Akaizungusha nyuma. Ukurasa ukashuka.

"Baba," akaanza, akasimama, kifua mbele, na niliiona hotuba ikija kutoka mbali kama mvua, "leo, mbele ya mashahidi hawa..."

"Toka hapo," akasema baba. "Nikae."

Akatoka. Baba akaketi, akaegemeza mkongojo kwenye goti, akaulaza mkono wa kushoto juu ya kidude. Ulitetemeka. Ukatua. Vidole vikaigusa gololi kama mtu anavyoligusa paji la uso la mgonjwa. Mshale ukaenda, ukapita pale alipotaka, akasonya.

"Haraka mno."

Shujaa akainama upesi, akapunguza kasi kwenye mipangilio. "Hapo, baba?"

"Bado."

Akapunguza tena.

"Hapo."

Na mshale ukatembea polepole, kwa unyoofu, mpaka kwenye ramani. Baba akaikuza. Bara likawa nchi, nchi ikawa mji, mji ukawa mtaa, mtaa ukawa mapaa, tukaliona paa letu na tangi lake la maji. Nyuma ya nyumba yetu, kati ya ukuta wa karakana ya seremala na migongo ya maduka, palikuwa peupe. Hapakuwa na kitu. Ni pale tunapopita kila siku kwenda kununua mkate, lakini kwa dunia hapakuwapo. Baba alikuwa amepaacha pa mwisho kwa kuwa ni karibu. Alisema pa karibu hapakimbii.

Akabonyeza kwa dole gumba. Nukta. Akaizungusha gololi kidogo, akapumua, akabonyeza. Nukta ya pili, na mstari kati yake. Mstari wa kwanza ulipinda, akaufuta, akaurudia. Wa pili ulinyooka. Mama alisimama nyuma yake na mwiko unadondosha mchuzi sakafuni, na hakuna aliyemwambia. Kichochoro kilipokwisha kuchorwa, kikatokea kisanduku kidogo kikiuliza: Jina?

Nyumba nzima tukamtazama Bwana Bisibisi. Si siri: ilitupitia wote akilini. Na yeye ilimpitia kuliko wote, maana alijisafisha koo, akainamisha macho, akanena kwa sauti ya mtu anayekataa ili aombwe: "Baba, mimi sistahili. Nilichofanya ni wajibu wa mkwe yeyote. Lakini kama familia itaona vema kwamba vizazi vijavyo..."

Baba alikuwa tayari anaandika, kwa kidole kimoja cha kushoto, herufi baada ya herufi. Shemeji akasoma kwa sauti kadiri zinavyotokea, na sauti yake ikipungua kadiri anavyosoma.

"Uchochoro... wa... Majitaka."

Nikajifukia uso kwenye ungo.

"Majitaka, baba?"

"Watu wanapaitaje?"

Shujaa akafikiri. Alikuwa mtu mkweli, hilo sijawahi kumnyima. "Majitaka," akasema.

"Basi. Ramani haimsifu mtu." Baba akahifadhi. Kisha akageuza shingo, akamtazama mkwewe kwa muda, juu mpaka chini, kama anavyotazama ukuta uliosimama asivyotarajia. "Vaa viatu, mwanangu. Nenda mpaka mwisho. Uniambie kama panatokea barabarani au yule seremala kapaziba."

Nasi tukatoka kwenye baraza la nyuma kumwangalia. Hivyo ndivyo ulivyokuwa msafara wa ushindi wa Bwana Bisibisi, mshindi wa gololi, mfungaji wa mafungu: hakupigiwa tarumbeta, alipigiwa honi na mwenye baiskeli, hakutandikiwa zulia, alitandikiwa maganda ya viazi, alikwenda amekunja suruali, simu sikioni, akiruka mtaro huku na kurudi huku, akimtajia baba kila kona, kila mfuniko na kila jiwe, na ndani ya nyumba tukasikia gololi ikizunguka na kitufe kikilia, ta, ta, ta, kikimfuata nyuma. Alipotoweka kwenye pinda la mwisho hatukumwona tena. Tulisikia sauti yake tu, ikitoka kwenye spika ya simu ya baba na ikitoka ng'ambo ya maduka kwa wakati mmoja, sauti kubwa ya kuweza kuamsha miji, nayo ilisema:

"Panatokea, baba! Panatokea!"

"Usipige kelele," akasema baba. "Nimeshapachora."

Na hilo, enyi wasikilizaji, limo kwenye ramani ya dunia hivi sasa, anayebisha na akatazame.